Wiki ya Mafunzo Lubumbashi: Kufundisha Bila Fimbo, Siku kwa Siku

Jumapili jioni, Kampemba

Mizigo inafungwa leo, maana kesho hakuna nafasi ya kukimbilia dukani. Kwa kundi la walimu 30 mahitaji ni haya: karatasi kubwa za krafti 25, kalamu nene 10 za rangi mbili tu, skochi rolo tatu, chaki sanduku mbili, daftari jembamba moja kwa kila mwalimu, mikebe minne mitupu ya maziwa ya unga yenye vifuniko vilivyotobolewa, kilo moja ya maharagwe meupe na kilo moja ya mekundu. Maharagwe si ya kupika. Projekta imeachwa. Umeme wa Lubumbashi unakatika unavyotaka, halafu mwalimu atakayefundisha kwa chaki Jumatatu ijayo afadhali ajifunze kwa chaki.

Walimu 30 ndio mwisho. Wakifika 50, wengi wanakaa kusikiliza na wachache ndio wanaofanya mazoezi, na kazi hii haiingii kwa masikio. Kila shule inaombwa kuleta watu wanne: direkta, yaani mkuu wa shule, na walimu watatu wa miaka tofauti. Mwalimu anayetumwa peke yake anarudi shuleni na maneno mapya, wenzake wanamcheka, na Ijumaa inamkuta ameshika fimbo tena.

Jumatatu, komini ya Lubumbashi

Asubuhi ni ya maofisi: barua kwa wakubwa wa elimu, mhuri, nakala kwa kordinasio za makanisa. Shule nyingi za mji huu zinasimamiwa na Wakatoliki, Wamethodisti na makanisa mengine, hata kama mishahara inatoka serikalini. Usipopita kwa kordinasio, direkta atakupokea kwa tabasamu na hatagusa kitu, kwa sababu mkubwa wake hajasema.

Mchana ni wa madirekta peke yao, walimu wao wasiwepo. Mafunzo mengi yanairuka hatua hii, nayo ndiyo inayoyaangusha. Direkta akiwa bado anapiga, mwalimu anaweka fimbo yake chini na kuanza kutuma watoto ofisini. Viboko havikupungua, vimehama tu. Kwa hiyo swali la kwanza ni jepesi.

"Papa Direkta, fimbo ya shule inakaa wapi?"

"Haiko. Sheria imekataza."

"Na ile ya nyuma ya kabati?"

"Ile ni ya kuogopesha tu, mama. Haipigi mtu."

Ukumbi unacheka, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza. Fimbo ya kuogopesha inaogopesha kwa sababu kuna mtoto aliyewahi kupigwa nayo na wengine wakaona. Ikikaa miezi bila kumgusa mtu, watoto wanaizoea kama wanavyozoea ramani ya ukutani, na mwenye nayo analazimika kuitumia ili irudishe heshima yake. Madirekta wanafika hapo wenyewe, wakiulizwa tu mara ya mwisho ilitoka lini nyuma ya kabati na kwa nini.

Kabla ya jioni wanaandika mambo matatu na kuyatilia sahihi. Hakuna mtoto atakayetumwa ofisini ili apigwe. Kila anayetumwa ataandikwa katika daftari: saa, jina la mwalimu, sababu, kilichofanyika. Na direkta ataingia kila darasa dakika 15 kwa juma, akae benchi la nyuma, asiseme neno. Hili la mwisho ndilo linalowasumbua. Wamezoea kuingia, kukagua matayarisho ya mwalimu, kusaini na kutoka. Kukaa kimya robo saa ukitazama mwenzako anavyotafuta utulivu katika darasa la watoto 80 ni kazi nyingine.

Jumanne, Kamalondo

Ukumbi wa parokia, si mbali na uwanja wa timu ya mpira ya Mazembe. Walimu wanafika na jua, wengi kwa miguu. Oktoba ni mwezi wa joto hapa, mvua bado, kwa hiyo mazoezi mazito yanawekwa kabla ya saa 5 na mazungumzo yanaachiwa alasiri.

Siku haianzi na sheria. Ukianza na sheria, walimu wanakunja mikono na kukupa majibu ambayo inspekta angependa kuyasikia. Inaanza na karatasi. Kila mmoja anachora safu tano na kuandika kila mara alipopiga, kupigisha magoti, kuvuta sikio au kutukana katika juma lililopita: saa ngapi, kabla ya hapo darasa lilikuwa likifanya nini, mtoto alifanya nini, mwalimu alifanya nini, na dakika tano baadaye kulikuwaje. Jina haliandikwi. Karatasi zinakusanywa, zinachanganywa, zinabandikwa ukutani kwa saa, tangu asubuhi hadi mchana.

Picha inayotokea haitofautiani sana kutoka kundi hadi kundi. Ukimuuliza mwalimu kwa nini fimbo inahitajika, atakutajia wizi na kupigana. Ukutani, wizi na kupigana vinachukua kona ndogo. Karatasi zilizorundikana ni za mlangoni wakati wa bendera, za dakika kumi baada ya rekreasio (mapumziko), za pale somo moja linapokwisha na jingine halijaanza, za kusahihisha kazi ya nyumbani, na za jibu lisilo sahihi ubaoni. Yaani fimbo inafanya kazi ya kengele. Inaziba nyakati ambazo hazina utaratibu, na utaratibu unaweza kufundishwa.

Safu ya tano inasomwa kwa sauti: "kelele zilirudi", "alilia, wengine wakacheka", "alinyamaza mpaka mwisho wa siku". Huyu wa mwisho walimu wanamhesabu kuwa ushindi. Anayefundisha hesabu anajua gharama yake: mtoto aliyepigwa kwa kukosea mara saba kwa nane hatainua mkono tena, na mwalimu hatajua ni wapi hasa alipopotea. Kupiga kwa jibu baya ndiko kosa la kwanza kuondolewa, kwa sababu hakuna hata mtu mmoja ukumbini anayeweza kulitetea kwa dakika mbili.

Lazima atasimama mwalimu wa makamo na kusema, "Sisi tulipigwa, na leo tumekuwa watu." Haifai kubishana naye, wala kumwonyesha takwimu. Anaombwa ataje wenzake watatu wa darasa lake la mwaka wa tano waliokuwa wakipigwa kuliko wote, halafu aeleze walifika wapi na masomo. Mara nyingi anaanza kutaja, kisha anapunguza sauti.

Kwa wanaosema fimbo ni desturi ya mababu, mji huu una jibu lake. Miaka ya 1970 wachoraji wa hapa, Tshibumba Kanda-Matulu akiwemo, walichora tena na tena picha ile ya Colonie belge, koloni la Wabelgiji: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari mweusi ameinua kiboko, Mbelgiji amesimama pembeni akitazama. Walimu wanaoijua ni wengi. Baadhi waliikuta sebuleni kwa babu zao. Wanaulizwa ni nani katika picha hiyo anayefanana na mwalimu. Swali linaachwa hapo, watu wanakwenda kunywa chai.

Sheria inakuja baada ya chai, kwa ufupi. Zaire ya wakati ule iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 28 kinataka nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto. Kifungu cha 16 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumtendea mtu yeyote kikatili au kwa kumdhalilisha. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inataka nidhamu, iwe shuleni, nyumbani au katika vituo, itolewe kwa namna inayomtendea mtoto kibinadamu. Nusu saa inatosha. Mwalimu hapigi kwa sababu hajui sheria. Anapiga kwa sababu saa 4 na dakika 20 watoto 80 wameingia na vumbi lao na hajui afanye nini kingine.

Ushahidi wa majirani una uzito kuliko vifungu. Luwero, Uganda, mpango uliofanya kazi na shule nzima kwa mwaka mmoja na nusu, yaani direkta, walimu, wanafunzi na wazazi pamoja, ulipimwa katika shule 42 na matokeo yakatoka 2015. Katika shule ambazo hazijaguswa, watoto 49 kwa kila 100 walisema wameumizwa na mtu wa shule katika juma lililopita. Katika shule za mpango walikuwa 31. Bado wengi, lakini tofauti ni kubwa. Kisha Nyarugusu, kambi ya Kigoma inayohifadhi Wakongomani tangu 1996: huko walimu walikutana kwa vikundi walivyoviongoza wenyewe, wiki kumi, na kipimo kilichotolewa 2021 hakikuona viboko vimepungua. Mifano yote miwili inatajwa makusudi. Kwa maoni yetu kikao peke yake hakitoshi. Mtu anahitaji mwenzake aliyekaa darasani kwake, na mkubwa anayeulizia.

Jumatano, Kamalondo bado

Leo hakuna anayekaa. Mabenchi yanapangwa kama darasa, mwalimu mmoja anafundisha, 29 wanakuwa watoto wa mwaka wa tatu. Watu wa Lubumbashi wamekulia katika maigizo ya Mufwankolo ya redioni, hivyo uigizaji hauhitaji kubembelezwa. Kazi ni kuwazuia wasizidishe.

Ishara ya ukimya inachukua saa nzima ya asubuhi. Mwalimu anasimama mahali pamoja, palepale kila siku, anainua mkono, anahesabu tano hadi moja kwa sauti ya kawaida, na kwenye "moja" anangoja. Watoto wanajibu kwa kuinua mkono na kufunga mdomo. Inaonekana ni mchezo wa chekechea mpaka uone inavyoharibika, nayo inaharibika kwa njia tatu. Mwalimu anaanza kusema kabla wote hawajanyamaza, na kila mtoto anajifunza kwamba "moja" haina maana. Au anapaza sauti kadiri anavyohesabu, na hesabu inageuka kuwa ugomvi. Au anabadilisha ishara, leo mkono, kesho makofi, keshokutwa kugonga ubao kwa brosi. Ishara moja inachaguliwa, inafundishwa Jumatatu kama somo, inafanyiwa mazoezi mara tatu kwa siku juma la kwanza hata kama darasa limetulia. Siku za mwanzo kungoja kunaweza kuchukua nusu dakika au zaidi. Nusu dakika ya kusimama kimya mbele ya watoto 80 ni ndefu kuliko inavyosikika, na walimu wanaizoea hapa, mbele ya wenzao, kabla ya kuijaribu huko.

Kisha orodha ya wapiga kelele. Kila aliyesoma Kongo anaijua: mwalimu anatoka, mkuu wa darasa anabaki na chaki, anaandika majina ubaoni, mwalimu anarudi na kupiga kwa kufuata orodha. Biashara yake nayo inajulikana. Biskuti moja inafuta jina, ugomvi wa jana unaandika jina, na mkubwa wa darasa anajifunza kutawala kwa vitisho akiwa na miaka kumi. Orodha inafutwa kabisa. Mkuu wa darasa anabaki na kazi zenye manufaa: kugawa daftari, kufuta ubao, kumwita mwalimu wa jirani mtu akiumia. Mwalimu akilazimika kutoka, anaacha kazi yenye mwisho ("nakilini sentensi hizi sita, mstari chini ya kitenzi"), na mlango unabaki wazi kuelekea kwa jirani.

Kanuni za darasa zisizidi tano. Zinatungwa na watoto, zinasemwa kwa kitu cha kufanya: "Tunainua mkono kabla ya kusema", badala ya "Usipige kelele". Kila kanuni ina matokeo yake yanayojulikana mapema na yanayohusiana na kosa. Aliyemwaga anafuta. Aliyechana daftari la mwenzake anamnakilia kurasa zilizopotea. Aliyecheza wakati wa zoezi analimaliza dakika tano za mwanzo za rekreasio, dakika tano zisizozidi, mwalimu akiwepo. Kinachokataliwa kinaandikwa kwenye karatasi ya pili ya krafti na kubandikwa pembeni yake, kwa sababu fimbo ikitoka mlangoni hivi vinaingia dirishani: magoti juu ya changarawe, kusimama juani, kubeba tofali, kusafisha vyoo, kuchota maji nyumbani kwa mwalimu, majina ya wanyama, kumnyima mtoto rekreasio yote, kumrudisha nyumbani. Mwalimu mmoja katika kila kundi huuliza kama kupiga magoti bila changarawe kunaruhusiwa. Hakuruhusiwi.

Sifa zinafundishwa kwa punje za mahindi. Mwalimu anatia punje kumi mfuko wa kushoto. Kila anapomsifu mtoto kwa kitu alichokiona kwa macho yake, punje moja inahamia mfuko wa kulia. "Vizuri" haihesabiwi. "Ilunga, umefungua daftari bila kungoja kuambiwa" inahesabiwa. Kwa kila kukosoa mara moja, lengo ni sifa tatu au nne, na punje ya kwanza inatakiwa iende kwa yule asiyesifiwa na mtu. Wanaotegea wanajulikana: wanahamisha punje zote kwa benchi la mbele.

Mwisho wa siku ni hasira ya mwalimu mwenyewe. Hapa kuna walimu wapya ambao hawajaingia kwenye orodha ya malipo, wale wanaoitwa N.U., wanaofundisha bila mshahara. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure kweli mwaka 2019, madarasa yalijaa na ile pesa ambayo wazazi walikuwa wakiwachangia walimu ikakoma. Kumwambia mtu huyu "uwe mtulivu" ni kumtukana. Anachopewa ni mwendo wa mwili anaoweza kuufanya hata akiwa na njaa: weka chaki chini, rudi nyuma hatua mbili, mikono nyuma, vuta pumzi polepole mara nne, kisha sema sentensi moja tu, "Tutaongea saa ya rekreasio." Mikono nyuma si mapambo. Mkono ulio nyuma unahitaji sekunde ili ufike kwenye shavu la mtoto, na sekunde hiyo inatosha.

Alhamisi, Katuba

Shuleni, darasa la nne, watoto 80 na kitu kwenye mabenchi ya watu watatu wanaokaa watano. Msimamizi anakaa nyuma na karatasi yenye mambo manne: mwalimu amesimama wapi, ishara ilichukua sekunde ngapi, sifa ngapi, makaripio mangapi.

Jambo la kwanza ni mabenchi. Yakiwa yamebanana ukuta kwa ukuta, mwalimu anafundisha safu tatu za mbele, na huko nyuma kunakuwa nchi nyingine. Kwa kusogeza mabenchi kuelekea kuta unapatikana mwanya wa upana wa mabega katikati, na mwingine mwembamba nyuma. Kazi ya dakika kumi na watoto wenyewe. Baada ya hapo mwalimu anaweza kwenda kusimama karibu na anayechezea kalamu bila kukatiza somo, na mara nyingi kusimama huko kunatosha. Kama hakutoshi: jina kwa sauti ya chini, halafu neno sikioni, halafu kuchagua ("umalizie hapa, au kwenye benchi la karibu na mlango"), halafu kubadilishiwa nafasi, halafu dakika tano za rekreasio. Wanaoshindwa huruka kutoka wa kwanza hadi wa mwisho kwa pumzi moja, kisha wanasema ngazi haifanyi kazi.

Katika darasa hili ishara ilichukua sekunde 50 mara ya kwanza na 20 mara ya nne. Mwalimu, mama mwenye sauti nzito, alingoja vizuri. Kilichomponza ni kugeuka kutoka hesabu kwenda Kifaransa: alifuta ubao wote huku watoto hawana la kufanya, dakika nne hivi, na kelele zikajaa. Msimamizi alisubiri watoto watoke ndipo akaongea naye, wawili tu: jambo moja lililokwenda vizuri, jambo moja la kubadilisha, basi. "Mama mwalimu, kesho andika zoezi fupi kwenye kona ya ubao kabla ya kufuta." Ukimpa mambo sita hatabadilisha hata moja.

Mlangoni bado kuna vita. Shule ilikuwa ikifunga geti wakati wa bendera na waliochelewa walipiga magoti mpaka saa 2. Leo umewekwa mhudumu na daftari lenye safu ya sababu. Anayechelewa anaandikwa, anaingia, anakaa benchi la nyuma na kunakili alichokosa. Wanaojirudia ndio wa kutazamwa. Ukisoma sababu zao unakuta wanaomwachia jirani mdogo wao wa mgongoni, wanaouza vitumbua alfajiri, wanaongoja bombani. Kwao fimbo haikuwa na uwezo wa kubadilisha saa waliyoamka.

Ijumaa, barabara ya Kipushi

Kilomita kama 30 kuelekea mpaka wa Zambia, lori na vumbi. Leo ni makosa mazito, yaliyoachwa mwisho kwa makusudi: kupigana, wizi, kumtukana mwalimu. Wiki ikianza na haya, walimu hawatoki hapo.

Mfano unaotumika ni wa Jumatatu baada ya mechi ya Mazembe na Lupopo: wavulana wawili wa mwaka wa sita, mdomo umepasuka. Kwanza wanatenganishwa na aliyeumia anahudumiwa. Hakuna swali lolote kabla pumzi hazijashuka, angalau robo saa. Kisha kila mmoja peke yake, halafu wawili pamoja, mbali na darasa, maswali yaleyale kwa wote: nini kilitokea; ulikuwa unafikiri nini; nani ameumia na vipi; nini kifanyike ili pawe sawa. Swali la "kwa nini?" linaachwa kwa sababu linaalika uongo au kimya. Msamaha haulazimishwi. Mtoto aliyesukumwa kusema "nisamehe" mbele ya watu anasubiri mwenzake nje ya geti. Makubaliano yanaandikwa mstari mmoja, yanaulizwa tena baada ya juma. Kazi yote ni dakika 20, na walimu wanalalamika kwamba fimbo ilikuwa dakika mbili. Ni kweli. Ndiyo maana ni ya makosa mazito tu.

Kwa wizi, mifuko ya darasa zima haipekuliwi. Mwenye kosa akijulikana anarudisha, au analipa kwa kazi iliyokubaliwa na mzazi. Na mtoto anayeiba chakula hana kosa la nidhamu, ana njaa.

Hapa Kipushi wapo pia wanaokosa siku mbili kwa juma kwa sababu wanaosha mawe ya madini. Akirudi, mwalimu anamkaribisha kwa jina na kumwonyesha ukurasa. Akirudi akapokewa kwa kipigo, harudi mara ya pili. Alama za mwili, hofu ya kwenda nyumbani, au habari ya mtu mzima kumgusa mtoto vibaya havijadiliwi darasani wala havipatanishwi na familia. Direkta anaarifiwa siku hiyohiyo, na kutoka kwake vinakwenda kwa huduma za jamii na mahakama ya watoto.

Jumamosi, Ruashi

Wazazi, pamoja na kometi yao. Watu 60 chini ya mwembe, saa moja na nusu, isizidi, kwa sababu soko linangoja. Mafunzo yanayowaruka wazazi yanamweka mwalimu pabaya: mzazi anayepiga nyumbani anakuja kulalamika kwamba shule imelegea.

"Wangu bila fimbo hasikii, mwalimu. Namjua mimi."

Anaulizwa anampiga kwa kosa gani, na kosa hilohilo limerudi mara ngapi. Mwingine analeta mstari wa Mithali. Mchungaji aliyealikwa anamjibu kwa Zaburi ya 23: mchungaji yule ana fimbo, na kondoo wake hawamkimbii. Jambo hili aseme mchungaji. Likitoka kwa wageni wa mafunzo linaonekana dharau.

Ombi kwa wazazi ni dogo: wasimwambie mwalimu ampige mtoto kwa ajili yao, na wakiitwa shuleni waje. Tena barua ya kwanza kutoka shuleni iwe ya habari njema. Mzazi ambaye kila akiitwa anaitwa kwa aibu atampiga mtoto njiani kurudi nyumbani, na shule itakuwa imempiga kwa mkono wa mwingine.

Jumatatu ya juma la tatu, Katuba tena

Mikebe inatoka. Anayeendesha zoezi si mtu wa shule, na walimu wanakaa nje mbali na madirisha. Watoto wanaitwa kumi kumi. Kila mmoja ana haragwe jeupe na jekundu mkononi, swali linasomwa mara mbili kwa Kiswahili: "Tangu Jumatatu iliyopita, kuna mtu mkubwa wa shule aliyekupiga, kukuvuta au kukupigisha magoti?" Jekundu ni ndiyo, jeupe ni hapana, linatumbukizwa nyuma ya kitambaa, linalobaki linarudishwa kwenye mfuko mmoja uliofungwa. Hakuna jina, hakuna kuinua mikono. Mkebe mmoja kwa kila darasa, kisha vinahesabiwa mbele ya direkta peke yake. Zoezi la namna hii lilifanyika kimyakimya kabla ya mafunzo, kwa hiyo kuna cha kulinganisha.

Darasa la nne limeshuka vizuri: nyekundu zimepungua zaidi ya nusu. La pili limeshuka kidogo. La tano halikusogea, ingawa mwalimu wake alikuwa msemaji hodari ukumbini, na karatasi yake ya kanuni imebandikwa vizuri kuliko zote. Daftari la direkta linaonyesha kwamba mwalimu huyo hatumi mtoto ofisini hata mmoja. Anamalizana nao hukohuko. Direkta, kwa upande wake, ameingia darasa hilo mara moja tu.

Uamuzi umeandikwa kabla ya kuondoka. Mwalimu wa darasa la tano atakaa nyuma ya darasa la nne Jumanne na Alhamisi, nusu saa kila mara, na mama mwalimu wa darasa la nne atakaa kwake Ijumaa kabla na baada ya rekreasio. Direkta ana robo saa yake anayodaiwa kila juma. Inspekta amekubali kupita katikati ya Novemba, na mikebe itarudi kabla ya likizo ya Noeli, siku ambayo shule haitatangaziwa.